Uzito Ulio Juu ya Tope

Katika maisha yake Ba hakuwahi kuhesabu kitu kuanzia moja. Kuku wake, mitungi yake ya maji ya mvua, mitego ya kaa aliyoitega chini ya nyumba, vyote alivianzia mbili. Watu wa Can Gio walishamzoea. Akisema ana kuku kumi, walijua ni tisa. Tam, mkata miti wa kijiji cha ng'ambo ya mto, alipenda kumchokoza sokoni.

"Dada Ba, nikikununulia sahani moja ya wali utasema nimekununulia mbili?"

"Ninunulie kwanza," alijibu Ba bila kuinua macho, "ndipo nikuhesabie."

Hata hao waliomcheka walikuwa na ya kwao. Huko kusini mwa nchi yao mzaliwa wa kwanza huitwa Hai, neno ambalo kwao ni mbili, na anayemfuata huitwa Ba, tatu. Hufanya hivyo ili pepo anayekuja kumtafuta mtoto wa kwanza akute nafasi yake haina mtu, aende zake. Kwa wengi ni mazoea tu, wanalitamka jina huku mawazo yao yakiwa kwingine. Kwa Ba halikuwa jambo la mazoea. Katika nyumba yao kulikuwa na mtu aliyewahi kuitwa wa kwanza, na hakurudi.

Mtu huyo ni kaka yake. Hai aliingia msituni na wapiganaji ndevu zake hazijakamilika. Kikosini mlikuwa na vijana wengi kutoka kaskazini, na watu wa kaskazini hawana mambo ya kuficha: mzaliwa wa kwanza wao humwita Ca, Mkubwa, basi. Wakamwita hivyo. Asubuhi moja walipita nyuma ya nyumba na mtumbwi kuchukua mchele, na mmoja wao akamhimiza kwa sauti ya chini, sauti ile inayobebwa na maji hata usipotaka isikike: "Ca, fanya haraka." Mama yao alitema mate mtoni papo hapo. Ba alikuwa amesimama naye gatini, binti mdogo mwenye kikapu cha mboga, na akaona jinsi uso wa mama yake ulivyobadilika. Hai aligeuka akacheka. Hawakumwona tena.

Siku aliyokufa hakuna anayeijua. Kwa hiyo kila mwaka walimfanyia karamu yake ya kumbukumbu siku ile aliyochukua mchele, kama familia nyingi zilivyofanya, maana tarehe ya kuondoka ndiyo iliyobaki mikononi mwao.

Vita vilipokwisha, mwenzake mmoja wa kikosini alikuja kuwaonyesha. Aliwapeleka kwa mtumbwi hadi kwenye kona ya kijito, mahali ambapo kila kitu kilikuwa kimekufa. Ndege za vita zilikuwa zimemwaga sumu yao miaka kadhaa nyuma, na msitu wote ulikuwa visiki vyeusi na tope lisilo na kivuli. Yule mtu alinyoosha kidole. Tulimlaza pale, alisema, tukiwa na haraka. Mama alishuka akazama hadi mapajani. Alipapasa mpaka maji yakamfika kifuani, na Ba akamvuta kwa nguvu kumrudisha mtumbwini.

Kisha ikaja miaka ya kupanda. Mbegu za mikoko, ndefu kama vijiti vya kuwashia jiko, zililetwa kwa majahazi kutoka Ca Mau, na watu wakatolewa kila kijiji kuzichomeka topeni kwa mikono. Mama aliomba wapangiwe kona ile. Alipofika mahali alipopaamini, alichagua mbegu, akaitazama kama anavyotazamwa kijana wa kuoa, akaichomeka. "Itamshika," alimwambia Ba. "Maji yasije yakambiringisha."

Ikamshika. Mti ulikua kuliko wenzake. Mafundi wa kupunguza miti walipopita, Ba alisimama mbele yake mikono kiunoni mpaka wakauruka. Serikali ilipoanza kuzigawia familia vipande vya msitu wa kulinda, kila familia na nyumba yake ya nguzo juu ya maji, Ba alimsukuma mumewe Luong waombe kipande kile. Luong hakuuliza kwa nini, au aliuliza akachoka. Akafa kwa ugonjwa wa ini. Binti yao Diep akaenda Saigon kushona viatu kiwandani. Ba akabaki na tumbili, kaa, na sauti ya maji, ambayo yakipanda kati ya mizizi ya mikoko hulia kama koo la mtu anayemeza.

Mama naye alikuwa ameshakufa. Kauli yake ya mwisho ilikuwa fupi. "Mlete alale na mimi."

Hapo ndipo Ba aliponaswa. Mizizi ya mkoko hutoka juu ya shina, ikajipinda na kuingia topeni pande zote, kama kaa mkubwa aliyekaa juu ya kitu chake. Huwezi kuchimba katikati yake bila kuukata mti, na kazi ya Ba, kazi aliyoilia kiapo, ilikuwa kuzuia mtu asikate hata tawi. Aliwahi kumkamata hata binamu yake mwenyewe na mzigo wa kuni, akampeleka ofisi ya msitu. Sasa angewezaje yeye kushika msumeno? Miaka ikapita hivyo. Alikuwa mlinzi wa ndugu yake, na alikuwa ndiye anayemzuia asitoke.

Mwaka ambao habari hii inatokea ulikuwa wa mwisho kwake. Umri ulikuwa umefika. Kipande kingepewa familia nyingine mwaka mpya ukiingia, na yeye angehamia kwa Diep, kwenye chumba cha ghorofani ambacho dirisha lake linatazama dirisha. Kama Hai hatatoka mwaka huu, hatatoka.

* * *

Daktari Khue, mtaalamu wa miti wa chuo kikuu, alikuja kutoka Hanoi kupima uzito wa msitu. Ndivyo ilivyotangazwa, na kijiji kizima kiliona ni kichekesho.

"Msitu mzima utaupandisha kwenye mizani gani?" Tam alimuuliza. Alikuwa ameajiriwa kwa ajili ya msumeno wake.

Khue alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na hakuwa mtu wa kujikweza. "Tunapima michache, kaka Tam. Tunaukata mti, tunapima majani peke yake, matawi peke yake, shina, na hii mizizi ya magongo mpaka usawa wa tope. Vipande vidogo vinaenda kukaushwa kwenye tanuri chuoni, maana maji si mti. Tukishajua mti wa unene fulani una uzito gani, mingine yote tunaizungushia utepe tu, haikatwi. Hesabu inafanya kazi iliyobaki."

"Na kilicho chini ya tope?" aliuliza Ba.

"Hicho si changu, mama mkubwa. Kazi yangu inaishia topeni."

"Kwetu niite shangazi," Ba alisema. "Hilo la mama mkubwa litanizeesha kabla ya chakula cha mchana."

Safari hiyo ya kwanza walikuja kupima unene tu. Walivuta kamba kutoka ukingo wa kijito kuingia ndani, na Khue akapita mti kwa mti akihesabu kwa sauti, huku mwanafunzi wake akiandika. Mkoko haupimwi usawa wa kifua kama miti mingine. Unapanda juu, unautafuta mzizi wa mwisho unaotoka shinani, unazungusha utepe juu yake. Ba alishika ncha ya utepe. Walipofika kwenye mti wa tano kutoka ukingoni, ulikuwa ndio ule.

Khue aliuzungushia utepe, akausoma, akausoma tena. "Huu mnene kweli. Umekula nini?"

Mwanafunzi alicheka. Ba aliachia ncha ya utepe, ikajikunja na kurudi kwa Khue yenyewe.

Jioni ya siku hiyo, wakinywa chai barazani, Khue alieleza kwamba akirudi atakuwa na kibali cha kukata miti michache, itakayochaguliwa kwa kura. Alieleza kwa unyonge kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa mwenye nyumba. Hakujua alichokuwa akimwambia mwenyeji wake. Kwa Ba ilikuwa kama mtu ameingia na ufunguo, akauweka mezani, akaendelea kunywa chai.

* * *

Kabla ya Khue kurudi vilitangulia vibao. Vilikuja na mashua ya ofisi, vipande vidogo vya bati vilivyogongwa namba, pamoja na maagizo: avipigilie kwenye miti kwa mpangilio uleule, kuanzia ukingoni kuingia ndani.

Ba alingoja maji yapwe, akashuka na nyundo. Kibao cha juu kabisa kilikuwa na moja. Alikiweka kando, kama unavyoweka kando kijiko kilichoanguka chini, mawazo yake yakiwa kwenye misumari. Akapigilia mbili kwenye mti wa ukingoni. Tatu kwenye unaofuata. Alipofika kwenye mti wa Hai, mkono wake ulitoa sita. Alikipigilia polepole, kwa msumari mfupi, usiingie sana. Kisha akatoa mfukoni konzi ya mchele uliochanganywa na chumvi, akaimwaga kati ya mizizi.

"Wanakuja watu na kura," alisema. "Jitokeze."

Maji yalianza kurudi. Yalimeza, yakameza. Alipanda juu.

Khue aliporudi na kibali, Ba alipika samaki wa kuchemka kwa sukari iliyoungua na pilipili manga, chakula anachowapikia wageni anaowataka. Walikula, na wakati wa chai Khue akafungua karatasi yake na kuzisoma namba za miti iliyoangukiwa na kura. Alianza na tano. Akaruka mpaka kumi na moja. Akaendelea mbele.

Sita haikusomwa.

"Dada Ba," alisema Tam, "kikombe changu kimeshashiba."

Chai ilikuwa inamwagika mezani na kupita kati ya mbao kwenda mtoni. Ba aliweka birika chini. Alijiambia kwamba kura ni kura. Alijiambia pia kwamba Hai tangu utoto alikuwa mtu wa kujificha ukimwita kuoga.

Siku iliyofuata walikata mti wenye kibao cha tano. Tam alikuwa stadi. Mti ulilala kwenye uwazi kando ya kijito bila kuvunja jirani. Wakasimamisha nguzo tatu za kuning'inizia mizani. Ba alipewa kazi ya kupukutisha majani kwenye magunia, na aliifanya akiwa ameugeuzia mgongo mti wa jirani, ule uliopona.

Khue aliutafuta mzizi wa mwisho kwenye shina lililolala, akazungusha utepe juu yake. Akatazama karatasi. Akarudia.

"Huu si wangu," alisema.

"Wa nani basi?" Tam aliuliza. "Hatujakata wa jirani."

"Wa tano ulikuwa mnene. Huu ni mwembamba kabisa."

"Labda umekonda kwa kuuona msumeno wangu."

"Mti haukondi, kaka Tam." Alivuka tope hadi ukingoni, akainama kwenye mti wa kwanza, akatazama kibao. Alirudi taratibu. "Shangazi Ba, kibao cha moja kiko wapi?"

"Kwenye mfuko."

"Kwa nini kiko kwenye mfuko?"

Ba alishangazwa na swali. "Hakina kazi."

Tam alikaa chini topeni kwa kicheko. "Daktari, hukuambiwa? Huyu ana kuku tisa anasema kumi. Akizaa mapacha atasema watatu. Umempa mtu wa huku kusini kazi ya kuanza na moja, ulitegemea nini?"

Khue naye alicheka, kiganja usoni, tope likabaki kwenye paji lake. "Makosa ni yangu. Kwetu hatufichi kitu, mzaliwa wa kwanza tunamwita Ca tu, wala hakuna—"

Ba alikuwa ametazama mtoni, kama mtu aliyesikia mtumbwi.

"Haina madhara," Khue aliendelea, sauti ameishusha bila kujua sababu. "Mti ni mti. Nitaandika unene wa huu tuliokata, na ule uliokusudiwa utabaki umesimama. Idadi ya kibali haiongezeki."

"Uliokusudiwa ni upi?" aliuliza Ba, ingawa mwili wake ulishajua.

Khue alielekeza kidole kwenye kibao cha sita.

Kwa hiyo alikuwa amejitokeza. Kati ya mamia ya miti kura ilimwangukia yeye, na dada yake mwenyewe ndiye aliyemsogeza pembeni, kwa nyundo, kwa heshima, kwa kumficha dhidi ya pepo aliyekuwa ameshamchukua tangu siku nyingi. Ba alirudi kwenye magunia yake. Alipukutisha matawi mpaka yakawa meupe. Alipukutisha hata yaliyokwisha kupukutishwa, mpaka Tam akamwondolea tawi mkononi.

* * *

Alimwambia Khue alasiri hiyo, maji yalipokuwa yamejaa na hakuna kazi inayowezekana. Alimweleza moja kwa moja, akipangua nyavu mapajani, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani: Hai, kikosi, jina, mbegu, kauli ya mama. Tam alikuwa kwenye machela yake ya kamba na kofia usoni, lakini machela ilikuwa imeacha kubembea.

Khue alivua miwani. Kisha akasema, "Baba yangu mdogo naye alikuja huku kusini kupigana. Nyumbani kuna picha tu. Bibi yangu alipokuwa hai, kila nikirudi kutoka safari za huku alikuwa ananiuliza kama nimeuliza."

"Uliuliza?"

"Ningemuuliza nani, shangazi? Miti?"

Waliyasikiliza maji chini ya sakafu.

"Kuna mwingine wenye unene karibu na ule kwenye karatasi yangu," Khue alisema. "Hatujaukata. Naweza kuuacha, nikakate wako. Kwangu hesabu ni ileile, nitaliandika badiliko hilo wazi. Lakini nikishaukata hausimami tena. Una hakika ni pale?"

"Mwenzake alituonyesha kwa kidole."

"Akiwa topeni?"

"Akiwa mtumbwini."

"Maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa?"

Ba aliacha nyavu. Hilo hakuwahi kulifikiria. Aliuona mtumbwi, kidole, visiki. Akamwona mama akishuka na kuzama hadi mapajani, na baadaye maji yakimfika kifuani. "Yalikuwa yanapanda," alisema.

Khue alikuwa amefanya kazi kwenye matope ya nchi nzima, na alijua jinsi ukingo wa kijito unavyohama, ukala upande huu na kutapika upande ule. Alijua pia kwamba mwanamke huyu ameishi kando ya kijito hiki muda mrefu kuliko yeye alivyoishi duniani.

"Ukate," alisema Ba.

Wakaukata asubuhi, maji yakiwa chini. Tam hakutania. Kabla ya kuwasha msumeno alivua kofia, akaivaa tena, akamtazama Ba. Mti ulichelewa kuanguka. Ulikatwa ukabaki umesimama kwa muda wa pumzi, kisha matawi yake yakaachana na ya majirani kwa sauti ya nguo inayochanwa, na mwanga mkali ukaingia mahali ambapo haukuwahi kufika tangu ule mwaka wa kupanda.

Wakapima. Khue alisoma kilo kwa sauti, mwanafunzi akaandika, na Ba alizisikia kilo zile moja baada ya nyingine. Gunia la majani lilikuwa na uzito wa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kipande kimoja cha shina kilipoinuliwa, mizani ilitulia mahali, na Ba akafikiri: ndio uzito wa kijana aliyekula vibaya msituni. Kipande kilizunguka polepole kwenye ndoano yake, upande uliokatwa ukiwa mwekundu, kama mikoko yote ilivyo ndani. Alitamani kukishika kisizunguke. Mizizi ya magongo ilikatwa mmoja mmoja usawa wa tope, na huo ukawa mwisho wa kazi ya daktari.

"Sasa ni wako, shangazi," alisema Khue. Akavua glavu za kazi, akachukua jembe.

Walichimba watatu. Tope la mikoko likifunuliwa hunuka mayai yaliyooza, na kadiri unavyokwenda chini ndivyo linavyokuwa jeusi na baridi. Walilitoa kwa majembe, kisha kwa ndoo, kisha kwa mikono. Walikutana na magamba ya chaza. Walikutana na kisiki cha msitu wa zamani, ule uliouawa, bado kigumu, na Ba akakipapasa mpaka akaridhika kwamba ni mti. Chini zaidi mkono wake ulikamata uzi. Aliuvuta, ulikuwa kipande cha kamba ya nailoni, kijani.

Wote wakasimama.

"Kamba ya machela," alisema Ba. "Waliwazika ndani ya machela zao."

Tam aliichukua, akaifuta kwa mate. Alisita. "Dada Ba, na mbegu za Ca Mau zilikuja zimefungwa kwa kamba za namna hii. Mimi mwenyewe nilizikata. Nilikuwa na kisu nimekifunga shingoni."

"Inaweza kuwa ya machela."

"Inaweza," Tam alikubali.

Waliendelea. Walipanua shimo kulia, wakapanua kushoto, wakafuata hata pale ambapo mti wa jirani ulikuwa umeanza. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kifungo, jino, wala soli ya ndala ya mpira wa gari. Maji yalipoingia shimoni yaliingia kwa chini, kimya, kutoka kwenye kuta zenyewe. Khue ndiye aliyeshika mkono wa Ba. Ba alikubali kuvutwa, jambo ambalo mama yake hakulikubali siku ile. Walipofika kwenye ngazi ya nyumba na kugeuka, shimo halikuonekana. Maji yalikuwa sawasawa, yameng'aa, na kisiki kimoja kikichungulia.

* * *

Kesho yake Khue alimwambia apumzike. Ba alishuka nao. Walipofika kwenye mti uliofuata kwenye karatasi na Tam akashika kamba ya kuwashia msumeno, Ba alisema, "Ngoja."

Alipiga magoti. Akaingiza mikono kati ya mizizi, hadi viwiko, hadi mabega, shavu lake likigusa tope, macho ameyafumba. Alipapasa upande mmoja, akazunguka, akapapasa upande wa pili. Mwanafunzi alimtazama Khue, na Khue akatikisa kichwa kumnyamazisha. Baadaye Ba alitoa mikono, akasimama. "Kateni."

Alifanya hivyo kwa kila mti uliobaki. Ule wa mwisho ulikuwa mbali sana na kijito, mahali ambapo hakuna aliyewahi kunyooshea kidole, na hata hapo alipiga magoti. Tam aliweka msumeno chini, akavua shati, akaenda upande wa pili wa mti na kuingiza mikono yake pia.

Khue na mwanafunzi wake waliondoka na vipande vyao vya kukaushwa kwenye magunia yaliyoandikwa. Miezi kadhaa baadaye Khue alipiga simu kumpa habari. Hesabu ilikuwa imekaa vizuri, alisema. Sasa ungeweza kuzungusha utepe kwenye mkoko wowote wa Can Gio ukajua uzito wake bila kuukata. Alimtajia uzito wa kipande chake chote cha msitu, namba kubwa, na Ba aliisikiliza namba hiyo mpaka mwisho. "Hiyo ni ya juu ya tope," alisema. Khue akakubali kwamba ndiyo, ni ya juu ya tope tu.

Diep alipopiga, alimuuliza mama yake kama analala. Ba alisema analala. Hakumwambia kwamba miaka yote ile alikuwa akijua mahali pa kupita akiwa na haraka na mahali pa kuzunguka, na sasa hajui. Akishuka kutega kaa, mguu ulibaki hewani kabla ya kukanyaga. Kila mti ulikuwa na unene wake, na kila mti ungeweza kuwa umekula kitu. Zamani alikuwa na mahali pa kumwogopea. Alikuwa ameomba mahali hapo pafunguliwe, pakafunguliwa, naye Hai akaenea msitu mzima.

Familia mpya ilifika mwishoni mwa mwaka, mume na mke vijana, na jiko la gesi na televisheni iliyofungwa kwa blanketi. Ba aliwaonyesha mitungi, ngazi iliyooza, na njia ya tumbili wanapokuja kuiba mchele. Mke, ambaye alikuwa mjamzito, alimvuta Ba kando wakati mume wake akishusha mizigo.

"Shangazi Ba, naomba uniambie ukweli. Wanasema msitu huu una watu wa zamani. Ni upande gani nisiende?"

Ba alitazama nje. Maji yalikuwa yamekupwa, na mizizi ilionekana yote, pinde juu ya pinde, mpaka mahali ambapo macho hayafiki.

"Nenda popote, mwanangu," alisema. "Ila kabla ya kukanyaga, mwambie unapita."

"Nimwambie nani?"

Kule gatini mashua ya ofisi ilikuwa inapiga honi. Ba alichukua kifurushi chake, akashuka ngazi, na kwenye kidato cha mwisho, mguu ukiwa juu ya tope, akasimama muda mrefu hata nahodha akadhani amesahau kitu.

"Ninapita," alisema, kwa sauti ya chini, na akakanyaga.